Uzio uliogonga mwamba

*Mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa kiinua mgongo changu nilinunua ekari moja wilayani Misungwi, nikikusudia kufuga mbuzi na kupanda mboga na matunda. Kiwanja kina upepo mzuri, lakini ni mawe matupu. Fundi niliyempa kazi ya uzio tulikubaliana nimlipe kwa kila shimo. Amechimba upande mmoja, akasimama. Mipini miwili ya sururu imevunjika, na mashimo mengine hayafiki hata magotini. Sasa anataka nimlipe mara mbili, au nimruhusu achome matairi juu ya mwamba ili upasuke. Ikishindikana, anasema atamwaga zege juu ya jiwe na kusimamisha nguzo humo humo. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam ananiambia niuze tu. Na jirani yangu ana ng'ombe ambao kila asubuhi wanapita katikati ya kiwanja. Nifanyeje?*
*Mwalimu, Misungwi*

Shikamoo, Mwalimu.

Kiwanja usikiuze. Niyajibu mapema yale matatu ya fundi, maana kazi imesimama na ng'ombe wa jirani hawasubiri. Matairi asichome. Zege juu ya jiwe tupu asimwage. Fedha utamwongeza, ila si mara mbili kwa kila shimo, na si kwa makubaliano yale ya mwanzo. Nitayaeleza yote. Lakini kuna jambo ambalo, kwa jinsi ulivyoandika, halikufanyika kabisa, na ndilo lililowafikisha hapo: hakuna aliyeipima ardhi kwa mtaimbo kabla ya kupanga mashimo.

Nadhani fundi alivuta kamba, akapima mita tatu tatu, akaweka alama, kisha akaanza kuchimba pale pale alama ilipoangukia. Kwenye udongo mweusi wa mbugani utaratibu huo unafaa. Ardhi ya Mwanza na Misungwi ni ya itale, mwamba ule ule unaoonekana umebebana kando ya ziwa, Jiwe la Bismarck likiwemo. Juu unaona majabali, na chini yake mambo yanabadilika kila hatua chache. Pana itale lililooza likawa changarawe, ambalo sururu inalikata bila shida. Pana udongo uliochanganyika na mawe ya ukubwa wa kichwa. Pana jabali moja moja lililozikwa. Na pana mwamba wenyewe, usio na mwisho chini. Shimo la kwanza linaweza kuchukua nusu saa na la pili likamaliza siku nzima, ilhali hatua moja tu pembeni pangekuwa na udongo wa kutosha.

Kwa hiyo anzeni upya, na safari hii sururu ikae pembeni. Vuteni kamba kutoka kona hadi kona. Kisha mtu mmoja mwenye mtaimbo mzito wa chuma apite kwenye mstari akidunda kila baada ya nusu mita, na wewe ufuate na daftari. Mtaimbo ukizama, andika umezama kiasi gani. Ukigonga na sauti ikawa nzito, ya kufifia, na chini pakacheza kidogo, hilo ni jiwe lililolala ambalo linaweza kung'olewa. Ukigonga ukalia kwa sauti kali na kutetemesha viganja, huo ni mwamba. Weka alama ya msalaba, endelea. Kazi hiyo kwa ekari moja haimalizi siku mbili, nawe utakuwa na ramani ya kiwanja chako ambayo hakuna fundi atakayeweza kukupinga nayo.

Baada ya hapo ndipo unapanga nguzo, nazo zinafuata udongo. Uzio haudai nguzo zilingane umbali, unadai zinyooke. Nguzo moja ikiwa mita mbili kutoka kwa mwenzake, na inayofuata mita tatu na nusu, waya haujali. Likipatikana pengo la mita nne kwa sababu ya mwamba, fungeni fito imara katikati, zikamate nyaya zote kuanzia juu hadi chini bila kuingia ardhini. Kazi yake ni kuzuia nyaya zisipanuliwe na mbuzi, na hilo linafanyika bila shimo. Nakuhakikishia kwamba sehemu kubwa ya mashimo yaliyomshinda fundi wako hayakuhitaji kuwepo.

Sasa tuangalie nguvu iende wapi. Ekari yetu ya hatua 70 kwa 70 ina mzunguko wa mita 256 hivi. Ukiweka nguzo kila mita tatu kwa wastani, utahitaji kama 85. Kati ya hizo, nguzo nne za kona na mbili za lango ndizo zinazobeba mvuto wa waya. Nyingine zote zinaushikilia waya usianguke, basi. Watu wengi wanagawa jasho sawasawa kwa nguzo zote, halafu wanashangaa uzio mzima unalegea kwa sababu kona moja imeinama. Mimi ningemwambia fundi: hizi sita tupigane nazo hadi mwisho, hizi nyingine tuzisogeze.

Nguzo ya kona iwe nene, ya futi 8, na sentimita 90 zake ziwe ardhini. Ipewe tegemeo la mshazari upande ambao waya unavuta, na mguu wa tegemeo hilo ukanyage jiwe kubwa lililozikwa, si udongo mtupu. Nguzo za kati za futi 7 zinatosha, zikiingia sentimita 60. Na yale mashimo ambayo hayafiki magotini? Hapo usikasirike haraka. Shimo la sentimita 45 lililobanwa na mawe pande zote linashika nguzo ya kati vizuri kuliko shimo la sentimita 75 lililojazwa udongo mlegevu. Yachungulie moja moja. Lile ambalo chini yake ni mwamba na kuta zake ni mawe yasiyocheza, likubali. Lile ambalo ni fupi kwa sababu fundi alichoka, lirudishe.

Kinachosimamisha nguzo kwenye mawe ni namna shimo linavyojazwa, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndipo uzio mwingi unapoharibika. Ng'ombe akiegemea nguzo, sehemu ya juu ya nguzo inasukumwa mbele, huku kitako cha nguzo, kule chini, kikitaka kurudi nyuma. Nguzo inazunguka mahali fulani katikati ya shimo. Kwa hiyo inahitaji kubanwa sehemu mbili: chini kabisa, na juu karibu na uso wa ardhi. Chagueni mawe yenye kona, mapana kiasi cha kiganja. Matatu yapangwe kuzunguka kitako cha nguzo kama mafiga, yagongwe kwa nyundo hadi yakabane kati ya nguzo na ukuta wa shimo. Halafu jazeni changarawe na udongo kidogo kidogo, tabaka la sentimita 10 hadi 15, na kila tabaka lishindiliwe kwa kichwa cha mtaimbo hadi mtaimbo uanze kuruka. Mkikaribia juu, pangeni mawe matatu mengine na kuyagonga vile vile. Mwisho udongo uinuke kidogo kuzunguka nguzo ili maji ya mvua yatoke na yasituame.

Mawe ya mviringo yaliyolainishwa na maji msiyatumie kubania, yanateleza. Na udongo wa mfinyanzi peke yake hauaminiki, maana ukikauka unajikunja na kuiacha nguzo ikicheza. Kosa la kawaida ni kutupa kila kitu shimoni kwa mkupuo, kisha kukanyaga juu kwa mguu. Hapo juu panaonekana pagumu na chini pamejaa hewa.

Siku moja kabla ya kuchimba, jioni, mwageni ndoo ya maji kwenye kila alama iliyo juu ya udongo mgumu au itale lililooza. Asubuhi sururu itaingia kwa urahisi zaidi. Kama unaweza kusubiri, kazi hii ifanywe mvua zikielekea kukatika, ardhi ikiwa bado laini. Kiangazi kikali huko kwenu kinafanya hata udongo ujidai jiwe.

Nije kwenye matairi. Najua moto unatumiwa na wavunja kokoto wengi, na ni kweli kwamba itale likipata joto kali linapasuka. Lakini tazama linavyopasuka: linabanduka kwa magamba mapana na membamba. Mvunja kokoto anayataka magamba hayo. Wewe unataka tundu jembamba lenye kina, na moto utakupa sahani pana isiyo na kina, huku kingo za mwamba zilizokuzunguka zikiwa na nyufa. Utakuwa umelipia kuharibu kitu pekee ambacho kingeshika nguzo yako. Ongeza moshi wa tairi, ambao ni sumu kwa anayeuvuta na kwa majirani, na vipande vinavyoruka mwamba wa moto ukimwagiwa maji. Na mtu akikushauri baruti, hilo halifanywi bila kibali na mtaalamu mwenye leseni, wala uzio wa mbuzi hauhitaji.

Jabali moja lililozikwa ambalo lazima litoke, kwa mfano kwenye kona, linapasuliwa kwa kabari. Fundi wa mawe anatoboa matundu madogo kwa mstari juu ya jabali, anaingiza kabari za chuma katikati ya vibamba viwili kwenye kila tundu, kisha anazigonga kwa zamu, kila moja kidogo, akirudia mstari. Baada ya muda jiwe linaachia lenyewe kufuata mstari ule. Ni kazi ya subira na inafanywa na mtu aliyeizoea. Kwenye machimbo ya mawe ya ujenzi hukosi kumpata. Fundi wako wa uzio asijifunzie kwako.

Na zege juu ya mwamba? Uso wa itale mara nyingi una vumbi na ukungu. Zege likimwagwa juu yake linakaa kama lilivyowekwa, halishikani na chochote. Litapendeza wiki ya kwanza. Siku ng'ombe wa jirani atakapojikuna pale, nguzo itaondoka na zege lake. Mwamba ukishindikana kukwepeka, lazima utobolewe ili chuma kiingie ndani yake. Njia ninayoipenda kwa nguzo za kati ni hii: tundu moja la kina cha sentimita 25 kwa nondo ya milimita 16. Tundu liwe pana kidogo kuliko nondo, milimita 20 au 22. Likitobolewa kwa tindo na nyundo, tindo izungushwe kidogo baada ya kila pigo, na unga wa jiwe utolewe mara kwa mara. Ni kazi ya saa nyingi. Mashine ya kutobolea zege inayokodishwa pamoja na jenereta inafanya tundu hilo kwa muda mfupi sana, kwa hiyo kusanya matundu yote ya mwamba yafanywe siku moja, ulipe kodi ya siku moja. Anayetoboa avae miwani ya kukinga macho, awe wa tindo au wa mashine. Hili usiliache kwa hiari yake.

Tundu likikamilika, vumbi lote lipulizwe nje, maana saruji haishiki juu ya vumbi. Lilowanishwe, maji yanayotuama yatolewe, kisha mjaze rojo zito la saruji sehemu moja kwa mchanga laini sehemu mbili, ndipo nondo isukumwe ndani. Iache nondo itokeze mita moja juu. Ikishakauka, ivalishwe bomba la chuma la inchi mbili, mkiliwekea timazi lisimame wima, na bomba lijazwe zege laini kupitia juu. Hapo una nguzo iliyooteshwa kwenye mwamba. Kwa shimo ambalo lingemla fundi siku nzima bila mafanikio, hiyo ni nafuu.

Kona ikiangukia juu ya mwamba, nondo moja haitoshi kubeba mvuto wa nyaya. Hapo jengeni kizimba cha mawe. Wavu wa chuma, ule wa kuzungushia nyumba, ukunjwe uwe duara la upana wa mita moja na kimo cha mita moja. Nguzo isimame katikati, kisha mawe yapangwe kwa mkono kuizunguka, makubwa pembeni na madogo yakiziba mianya. Mkimaliza, nguzo hiyo imebebwa na zaidi ya tani moja ya mawe, na hamkuchimba hata inchi. Mawe unayo tayari. Usiwalipe watu wayatupe pembeni.

Hayo mawe ya pembeni yana kazi nyingine kubwa zaidi. Umesema unataka mbuzi. Seng'enge peke yake haimzuii mbuzi. Anachagua mahali pa chini, anapenyeza kichwa, na ngozi yake inachanika. Utalazimika kukaribisha nyaya za chini ziwe sentimita 15 kati ya moja na nyingine, na waya ni ghali. Badala yake, pale ambapo ardhi ni ya mawe zaidi, jengeni ukuta mkavu usiozidi magoti chini ya nyaya, katikati ya nguzo. Safu mbili za mawe zikitazamana, mawe madogo yakijazwa kati, na kila baada ya hatua moja jiwe refu likilala kukatiza safu zote mbili kuzifunga. Ukuta wa nusu mita kwa nusu mita unakula toroli 40 hivi za mawe kila mita kumi, kwa hiyo usiuzungushe ekari nzima. Anza na upande wa ng'ombe wa jirani. Faida yake ya pili ni kwamba ukuta huo unabana nguzo zenye mashimo mafupi.

Hii si hadithi ya kufikirika. Ng'ambo ya mpaka, karibu na Migori nchini Kenya, kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe linalodhaniwa kujengwa karne ya 16. Kuta zake hazina tone la udongo wala saruji. Mawe yamepangwa nje, ndani na katikati yakashikana, na kuna mahali zinazidi mita nne kwenda juu. UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Waliolijenga walikuwa na shida yako: mifugo ya kulinda na ardhi iliyojaa mawe.

Kuhusu nguzo zenyewe, mkaratusi mbichi usiununue hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Mchwa watakuwa wameumaliza kabla uzio haujazoeleka, na baada ya taabu yote ya kuchimba mwamba, kuchimbua nguzo iliyooza ni uchungu mtupu. Tafuta zilizotiwa dawa kiwandani kwa shinikizo, zile zinazofanana na nguzo za umeme. Oili chafu inayopakwa kwa brashi haizami ndani ya mti, na inachafua udongo utakaopanda mboga. Nguzo ya mti msiizungushie kikombe cha zege. Maji yanakaa humo na kuiozesha. Nguzo za zege nazo ni imara ila nzito, na kwenye shimo fupi zinahitaji kubanwa kwa uangalifu zaidi.

Ukipenda, kando ya mstari panda minyaa mwanzoni mwa mvua, kama kaya nyingi za Usukumani zinavyofanya tangu zamani. Inaota kwa vipandikizi, haichagui udongo, na mifugo haiigusi. Utomvu wake ni hatari kwa macho, kwa hiyo anayekata awe mwangalifu na watoto wakae mbali.

Sasa fundi. Ana haki katika jambo moja: alitoa bei ya udongo akakuta mwamba. Lakini kulipa kwa shimo kunamfanya mtu yeyote akimbilie idadi, na ndiyo maana una mashimo mafupi. Mwite, mkae, mfungue daftari lako la mtaimbo. Pangeni bei tatu: ya nguzo kwenye udongo, ya nguzo kati ya mawe, na ya tundu la mwamba. Utamlipa kwa nguzo iliyosimama, si kwa shimo. Kabla ya kujaza, pima kina kwa fimbo yenye alama mbili, ya 60 na ya 90. Baada ya kujaza, isukume nguzo kwa bega. Ikicheza, ifanywe upya. Kwa mwalimu aliyesahihisha madaftari miaka mingi, hii haitakushinda, na fundi mwema ataipenda kuliko ugomvi.

Jirani nenda kwake kabla nguzo ya kwanza haijasimama, ukiongozana na mwenyekiti wa kitongoji. Mwonyeshe kamba. Kama kiwanja kimepimwa, bikoni zisiguswe hata kama zimekaa pabaya kwa kuchimba. Kuzing'oa ni kosa kisheria. Nguzo ya kona isimame ndani kidogo, upande wako. Na kama mpakani kuna jabali kubwa linalosimama juu ya ardhi, msilipige vita: uzio uishie kwake, nyaya zifungwe kwenye ndoano za nondo zilizopachikwa kwenye matundu ubavuni mwake, kisha uanze tena upande wa pili. Mwulize pia ng'ombe wake wanaelekea wapi kila asubuhi. Kama ni majini, mkubaliane njia ya kuwapitisha pembeni, la sivyo watakuwa wanaujaribu uzio wako kila siku.

Lango liwekwe mahali ambapo mtaimbo ulizama sana, hata kama itabidi utembee hatua ishirini zaidi kutoka barabarani, kwa sababu nguzo za lango zinatikiswa kila siku. Sehemu zote zilizotiwa saruji zifunikwe magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na waya usivutwe kabla ya hapo. Na kona ikikutatiza baada ya kupima, niandikie tena, uniambie mtaimbo umezama sentimita ngapi na ulilia vipi.